Petroli na Koplo Baseka

Kasulu, Jumanne

Sijawahi kufurahi hivi kwa kuitwa mzembe.

Daktari anasema uboho wangu umechoka kutengeneza damu, na huenda chanzo ni petroli niliyokuwa nanyonya kwa mpira jeshini. Watu wa fidia wanataka shahidi. Basi leo nikaenda Kibondo kwa Koplo Baseka, tuliyekuwa naye stoo ya mafuta.

Nilipomweleza habari ya kunyonya petroli, mzee akawaka! "Wewe? Fundi wa mpira nilikuwa mimi!"

Nikaona fidia yangu inayeyuka. Yeye ni mkubwa kwangu, na bado anapandisha mlima kwa baiskeli.

Nikajishusha. "Kweli, afande. Mbona wewe huumwi?"

Akacheka mpaka machozi. "Mimi nilikuwa natema! Wewe kila siku unameza, unatapika, unayumba kama umetoka kilabuni!"

"Andika hivyohivyo, afande."

Akaandika kwa raha zake zote, na sahihi akaweka.

Naogopa bado. Fidia hairudishi damu, na mama watoto ameanza kunihesabia pumzi.

Baseka akanisindikiza hadi stendi. Gari lilipowaka, akasogea dirishani.

"Huyo daktari wako," akanong'ona, "anapima siku gani?"