Zuwena Kasema Mwenyewe

Jumatano, baada ya Magharibi

Miaka thelathini nnaishi na mke wangu, na leo ndo nimemjua.

Tangu mwaka jana daktari alitwambia figo za Zuwena zimechoka, lakini siku ya kuanza kusafishwa damu kwa mashine haiamuliwi na karatasi ya vipimo peke yake. "Tutausikiliza na mwili wako, Bi Zuwena," alisema. Kaka yake Zuwena kila akija hapa nyumbani Michenzani hugomba, eti tunangoja nini. Mimi kungoja kulinifaa, sikatai.

Leo vipimo vilikuwa karibu vile vile. Daktari akaanza kuandika turudi mwezi ujao.

"Usiandike kwanza, daktari," Zuwena akamwambia. "Wiki mbili sasa harufu ya chakula inanitapisha. Nikilala sipumui mpaka nikae kitako. Na jana nimeshona mikono ya kanzu kinyume, mara mbili. Mie mikono sikosei."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamsikiliza kifua, akambonyeza miguu, na alama ya kidole ikabaki pale pale.

"Umefanya vyema kusema," akamwambia kwa heshima. "Basi tusingoje. Kesho asubuhi tunaanza."

Yote yale mimi nliyaona nyumbani. Nlinyamaza, nikijidanganya kuwa ni uchovu tu. Ile mashine naiogopa kuliko nlivyowahi kumwambia mtu.

Tulipotoka nikamuuliza, "Wewe huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Ndo maana nimesema."