Wamemuosha Bi Mukubwa mara tatu

Jumamosi, mwezi wa pili. Mawingu yamesimama juu ya Alunguli tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Joto inashika muntu shingo.

Nasikia kinyaa. Naandika neno hilo kwanza, lisije likapotea.

Mimi sikusoma sana, lakini yale yanayonichafua moyo najua kuyaandika, na leo ni mengi.

Bi Mukubwa, muke mwenzangu, iko amelala hapa nyuma yangu, anatetemeka. Bwana yetu alikufa zamani, akatuacha wawili mu nyumba moja, yeye muke wa kwanza, mimi wa pili. Watoto wake wako Kampene wanachimba madini. Wangu nao wako mbali, hata wajukuu siwaoni. Tangu mwaka jana upande wake mumoja umekufa, mukono na muguu. Mudomo umepinda, lakini akili haikupinda hata kidogo. Mimi njo ninamulisha, ninamugeuza, ninamutoa uchafu. Watu wananiuliza, wewe, unamulinda muke mwenzako? Sasa nimutupe mu muto? Tulikula sufuria moja miaka yote ile. Tulikuwa tunagombana, ndiyo, na tukimaliza tunapakua.

Kwa hiyo, wamama wa Parti, chama cha serikali, wa hapa kwetu walipokuja na habari ya zamu, nilifurahi. Walisema kwamba salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, isiwe ya kufyeka majani ya barabara tu, wamama watasaidia wazee na wale wanaowalinda. Na siku zingine za juma, kila mama na siku yake ku nyumba ya mugonjwa, ili mwenye kumulinda apate kwenda ku shamba, ama anyooshe mugongo. Sijui nani alifikiria jambo hilo, lakini huyo amewahi kulala na mugonjwa mu nyumba.

Jambo zuri limeangukia watu wabaya.

Hapana, si wabaya. Ni wavivu wenye kupenda kuonekana. Hiyo njo mbaya zaidi.

Mama Ashura, kiongozi wao, zamu yake ni kukaa ku kiti changu, kula muhogo wangu na kusema "pole, yaya", kama vile mimi ni dada yake mukubwa, huku ameziba pua na kitambaa. Mwingine alimulisha Bi Mukubwa wali wa moto mpaka ulimi ukaungua. Mwingine kila akifika, akaona kazi, anakumbuka kilio cha ndugu yake huko Tunda. Ndugu yule amekufa mara nyingi sana.

Mumoja tu anajua kazi, Mama Feza, mujane anayeuza mboga. Anaingia, anafunga mulango, anapasha maji, anamuosha mugonjwa kipande kwa kipande, na kipande kingine kimefunikwa. Hasemi mengi. Siku yake mimi ninakwenda ku shamba na roho imetulia.

Na sasa mupunga umeiva. Ndege wanashuka asubuhi na jioni. Nisipovuna juma hili, mwaka huu tutakula nini, mimi na yeye? Na nikienda kuvuna, yeye nimuachie nani?

Njo maana nilivumilia. Mpaka leo.

Asubuhi nimemuosha Bi Mukubwa mimi mwenyewe, kama kila siku, nikamupaka mafuta, nikamulaza. Sijamaliza hata kumwaga maji, Mama Ashura huyo, na kundi lote, wamevaa kikwembe cha Parti, kile chenye sura ya Kiongozi wa nchi ku kifua na ku matako. Eti mukubwa mumoja wa Parti anavuka kutoka ng'ambo kuja kuona kazi ya wamama. Wakamukamata mugonjwa, wakamuosha tena, na sabuni ya harufu.

Nikasema huyu ameoshwa tayari.

"Yaya," Mama Ashura akanijibu, "ile yako ilikuwa ya nyumbani. Hii ni ya Parti."

Mugeni hakufika upesi. Baki, ile feri ya kuvukia muto, ilikwama ng'ambo, tukangoja mpaka adhuhuri ikapita. Alipofika, na abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na mwandishi na muntu wa foto nyuma, Bi Mukubwa alikuwa safi, mukavu, anasinzia. Mama Ashura akaona hakuna kazi ya kuonyesha. Akasema wamutoe ku uwanja, wamuoshe, mugeni aone.

Ku uwanja. Mbele ya wanaume. Mwanamuke mwislamu, muzee, ambaye hata Bwana yetu alikuwa anabisha ku mulango kabla ya kuingia chumbani kwake.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nachochea moto. Kuja, wamekwisha kumukalisha ku kiti, kikwembe kimoja tu kimemufunika kifua, maji inamwagika. Maji baridi. Na ndoo iko mukononi mwa Mama Feza. Macho yake chini, lakini ndoo mukononi.

Hapo Bi Mukubwa akafungua ule mudomo wake uliopinda, akasema polepole, kila muntu akasikia.

"Mara tatu leo. Basi kafuri iko wapi?"

Kwetu sisi waislamu anayeoshwa mara tatu ni maiti, na akiisha kuoshwa anatiwa kafuri. Wamama wote walijua. Hakuna aliyeinua macho.

Mugeni si wa dini yetu. Akauliza, "Mama anasema nini?"

Mama Ashura hata hakumeza mate. "Anasema aksanti kwa Parti."

"Mwongo," nikasema. "Anaomba kafuri."

Mugeni akamugeukia mwandishi wake. "Andika. Mama anahitaji kafuri. Tutamutumia."

Na foto ikapigwa. Bi Mukubwa akacheka na nusu ya mudomo. Mimi sikucheka.

Nilifungua kikwembe changu cha juu, nikamuzungushia mugonjwa, nikawaambia watoke. Wote. Nikamubeba peke yangu mpaka ku kitanda. Hakuna aliyeniuliza habari ya mugongo wangu. Mugongo wa mwenye kulinda mugonjwa haupigwi foto.

Mama Ashura alisimama ku njia. "Yaya, unatufukuza? Basi mupunga utavuna na nani? Ndege watakula yote."

"Ndege wana adabu kuliko wewe," nikamujibu. "Wanakula kwangu bila kuziba pua."

Wakaenda kumuchezea mugeni ngoma. Mpaka sasa nawasikia wanaimba.

Muzee hapungukiwi na maji. Maji ya muto hii yote! Anapungukiwa na muntu mumoja anayefika siku ile aliyosema atafika, akafunga mulango nyuma yake. Ni hiyo tu. Kwa nini inawashinda?

Jioni hii anakohoa. Nimemupaka mafuta ya mawese ku kifua, nimesogeza moto karibu na kitanda. Amenitazama, akaniuliza, "Umewafukuza wote?"

Wote.

"Hata Feza?"

Hata yeye, nikamujibu. Alishika ndoo.

"Basi leo wajinga walikuwa wengi mu uwanja," akasema, "na wewe mumoja wao."

Nilikasirika. Nikatoka inje kidogo, nikarudi. Anakohoa bado. Na mupunga uko vilevile, shingo zimeinama.

Mimi sijazoea kuomba. Kumugeuza mugonjwa ni kazi nyepesi kuliko kusema "tafadhali" ku mulango wa muntu. Lakini kesho, kabla Mama Feza hajabeba mboga zake, nitasimama pale kwake. Nitamwambia kwanza kwamba niliiona ile ndoo, kwa sababu siwezi kuimeza. Kisha nitamuomba arudi, peke yake, na kile kikwembe cha Parti akiache kwake.

Akikataa, nitamuomba mara ya pili. Mupunga haungojei kiburi cha muntu.