Nodi ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Nodi imekwama tena. Maandishi yaleyale mekundu: data ya bloku imeharibika, ijengwe upya? Nimebonyeza ndiyo. Sikuhisi chochote — hata hasira.

Tangu tumzike kaka, kompyuta yake naiwasha mimi. Nodi yake, yaani programu ya sarafu ya kidijitali, inapakua kila muamala wa sarafu hiyo tangu siku ya kwanza, bloku kwa bloku, yaani fungu kwa fungu, na kuuhakiki. Alinifundisha mwenyewe nilipomaliza shule. Baba mdogo anataka kuibeba kompyuta Jumamosi akaiuze. Nikamwomba aniachie. Akacheka. Haya mwanangu, ikimaliza kupakua kabla sijafika, ni yako. Lakini mtambo wa kuvuna upepo, sarafu zisizoshikika, utamaliza nini!

Jumanne, 4 Machi

Ilifika nusu. Niliporudi kutoka dukani, imezimika. Nikawasha — imeharibika. Nimeosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia fundi, rafiki yake kaka. Niliandika maneno kwanza, nikamsomea. Akaniuliza, diski umeipima? Nimeipima, nzima. Basi mdogo wangu, diski usiisingizie! Kuna mtu anaizima ikiwa katikati ya kuandika, ndiyo maana data inaoza.

Umeme haujakatika wiki nzima. Na humu ndani tuko wawili tu, mimi na mama.

Alhamisi, 6 Machi

Ni mama. Nimemkuta chumbani kwa kaka, kidole kwenye swichi ya ukutani. Nilidhani atalalamikia bili. Kumbe ni feni. Anasema inavuma mpaka jikoni, na ikivuma anaona kama kaka yumo ndani, na akiingia hayumo.

Akazima mbele yangu.

 Habari za Jumamosi bado hajui. 

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi fundi kaleta nakala safi ya bloku kutoka nodi yake. Tumefuta zilizooza, faili la pochi la kaka, lenye funguo za sarafu zake, hatukuligusa. Akaniambia, leo isizimwe, hata akija rais! Nikatabasamu kwa adabu.

Baba mdogo kapiga simu. Kesho mapema, na gari.

Asilimia tisini na saba sasa. Mama kaingia. Ameketi kitandani kwa kaka, upande wa swichi. Kaniuliza, bado sana? Nimejibu, bado kidogo, mama.  Naandika ili nisimtazame.

Feni inavuma. Tisini na nane.

"Chakula tayari," amesema, akiitazama skrini. Taratibu sana.

Hakuwa akiniambia mimi.

Mkono wake uko kwenye swichi. Hajabonyeza. Hajautoa.