Kasuku Amenuna

12 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko jikoni kambini? Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyoni nakueleza sasa hivi, maana nimefura.

Jana watoto wa chekechea waliimba mbele ya wazazi. Mwanao Kasuku aligoma kupanda jukwaani. "Mama hajafika," alimwambia mwalimu, macho yote mlangoni, mpaka viti vikakunjwa. Tuliporudi aliingia chumba changu cha kushonea, akashika mkasi, akalichana gauni la bibi harusi kuanzia kiunoni hadi pindoni. Nikamzaba kofi.

Ulimwahidi kwenye simu, nilisikia kwa masikio yangu. Ulikuwa wapi?

Dada yako.

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mimi nipo, ingawa barua yako imenikata maini.

Umempiga mwanangu kwa sababu ya kitambaa? Nani alikupa ruhusa? Nilikuwa nimeshafunga begi, msimamizi akafuta likizo. Mpishi mwenzangu anaumwa na wachimbaji wanataka kula. Ulitaka nitoroke?

Nimempigia Kasuku, nimemwambia mtoto mzuri halii, na kwamba Juni nakuja bila kukosa. Akajibu, "Sawa, mama." Ameshatulia. Usimguse tena.

Mdogo wako.

3 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Eti ametulia! Hebu sikia huko kutulia kwake. Mtoto aliyekuwa akiamka anapiga soga hata na sabuni, sasa ukimuuliza kitu anatabasamu tu. Ameanza tena kukojoa kitandani. Anajing'ata mkono mpaka alama za meno zinabaki. Nikamuuliza, "Umemkasirikia nani?" Akasema, "Mtoto mzuri hakasiriki."

Ungekuwa karibu ningekurukia.

Kofi nimemwomba radhi. Gauni nimelishona upya, bibi harusi hakujua. Kisha nikamwekea Kasuku mfuko wa mabaki ya vitambaa sakafuni. "Mkasi hapana," nikamwambia, "lakini hivi chana upendavyo, na useme unachotaka. Sitakugombeza." Alianza taratibu, akinitazama. Halafu akachana kwa mikono na meno, akipiga kelele, "Mama mwongo! Mama mwongo!" mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akageuza njia. Nilikaa chini pembeni yake. Alipochoka akalia, kilio cha kweli, akanilalia mapajani.

Sasa nijibu: Juni unakuja, au huji?

Dada yako.

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Nimekaa kimya kwa hasira, sikufichi. Wewe unamwona kila siku, mimi nina sauti yake tu kwenye simu, halafu unanifundisha umama! Lakini hilo neno "mwongo" limenikwama kooni. Nikamfuata msimamizi, nikamuuliza ana kwa ana. Juni hakuna ruhusa. Itakuwa lini, hata yeye hajui.

Msomee haya kama yalivyo, usiyapambe:

"Kasuku mwanangu, siji Juni. Mara ya kwanza nilisema nakuja, sikuja. Ulikasirika, na ulikuwa na haki. Siku ya kuja siijui. Nikishaijua ndipo nitakuambia, si kabla. Ukitaka kulia, lia. Nakupenda hata ukiwa na hasira."

Mdogo wako.

18 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kazi. Nimemsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaninyang'anya karatasi, akaitupa dirishani, kisha akatoka mbio kwenda kuikanyagakanyaga barabarani. Sikumzuia, nilisimama tu kizingitini. Jirani akapita na kikapu chake, akaguna, "Huyu mtoto hana adabu." Nikamwambia, "Adabu anayo. Leo ana hasira. Pita salama." Naye akaninunia, shauri yake.

Baadaye Kasuku akaiokota, akaipangusa mchanga kwa gauni lake, akaniletea. "Mama Mkubwa, soma tena pale pa hasira." Nimesoma mpaka sauti imekauka. Naye tangu asubuhi ya leo haishi kuongea, kichwa kinaniuma. Amesimama hapa begani kwangu anahakikisha naandika maneno yake yote:

"Mama, bado nimekukasirikia. Kesho pia nitakukasirikia. Piga simu."

Dada yako.