Ubao Mwembamba Kutoka Magadi

Kitengela

Mama, takwenya. Naisikia "iko" yako ya kuitikia salamu nikiwa huku. Macho yanaendeleaje? Na baridi ya hapo Kona Baridi bado inakusumbua magoti? Sisi tuko salama. Kazi ya gazeti ni ileile, na vumbi la malori ya simenti ni lilelile.

Naserian, binamu yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, soma polepole. Usiruke kitu.

Mwanangu Nashipae amefunga shule na ninamtengenezea mashine ya michezo ya video, ile ya kijiti na vitufe. Kasha liko tayari. Kilichobaki ni ubao wa juu, pale mikono inapokaa. Nilimpelekea fundi Mwangi kipande kinene nilichokuwa nacho. Akacheka.

"Mzee, unajenga daraja? Kitufe kina shingo fupi. Hapa hakitashika."

"Basi nipe ile ya unga wa mbao."

"Ile ikinywa jasho inavimba kama mandazi. Wewe unataka plaiwudi ya milimita sita, kavu, ya zamani. Ngoja."

Akatoa mgongo wa kabati. Alisema lilikuja na fanicha kuukuu kutoka nyumba za kampuni, Magadi. Niliugonga kwa kidole, ukalia vizuri. Nikaubeba mzima.

Nyumbani niliufuta ule weupe wa magadi kwa kitambaa. Chini yake kulikuwa na alama za kimo za penseli, kila moja na mwaka wake. Mstari ni mimi. Kiduara ni mdogo wangu. Ni mwandiko wa Baba, aliyetulazia rula kichwani kila mwaka. Ni kabati letu, Mama, lile tuliloliacha Baba alipostaafu.

Jina la mdogo wangu silitaji. Najua halitajwi nyumbani tangu tulipomzika, naye akiwa na miaka minane.

Mistari yangu inaishia nilipoenda shule ya bweni. Viduara vya penseli vinaishia mwaka ule tuliomzika. Juu yake vinaendelea viduara vya kalamu ya bluu, mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka mliohama. Kalamu ya bluu ilikuwa yako, ya kuchorea ngozi kabla ya kushona shanga. Na unavyofunga kiduara, kile kijimkia kidogo upande wa kushoto, nakijua.

Nilidhani ni huzuni ya mama, nikataka kunyamaza. Kisha nikachukua futi.

Mtu anayebuni hupanga nafasi sawa. Hizi si sawa. Mwaka mmoja amepanda karibu upana wa kiganja. Mwaka ng'ombe wetu walipokufa kwa kiangazi, kiduara kipya kimegusana na cha nyuma yake. Baadaye anapanda tena, taratibu, kisha anasimama, kama vijana wanavyosimama. Kiduara cha mwisho kiko vidole vitatu juu ya kichwa changu. Wewe, Mama, unanifika begani.

Mwangi alikuja na keekee yake atoboe matundu. Alitazama ubao, akanitazama mimi.

"Huyu mrefu ni nani?"

Nilimwambia anitafutie ubao mwingine. Huu nimeuegemeza nyuma ya mlango wa sebule. Jana Nashipae alisimama mbele yake na penseli mkononi, ameubana mgongo wake hapo, ananyoosha shingo. Nikamuuliza anataka nani ampime. Akasema tayari amepimwa. Kuna mstari. Mke wangu anasema si yeye aliyeuchora.

Sikulaumu, Mama. Naomba jibu la swali moja, na nitakuamini. Ulipopanda kiti na ile kalamu kuchora kiduara cha mwisho, rula ilikuwa imelalia kitu gani?

Nisalimie mjomba anayekuchungia mbuzi, na mama mchungaji wa kanisani anayekuletea maziwa. Naserian, msalimie shemeji.

Mimi mwanao, yule mfupi,
Lekishon