Machungwa ya Tata Niliyoyanunua Sokoni

Kwa yaya wangu Matilde, dada mukubwa, kule Kongolo,

Hujambo, yaya? Magoti ya mama yanaendelea namna gani na hii baridi? Batoto banasoma? Mi huku Musonoi niko muzima, nimenenepa hata. Ukiniona barabarani utazani ni mukubwa wa serikali ametoka kununua mukate. Muke wangu anasema ni tumbo tu, lakini yeye hajasafiri sana.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa nakula, nikaacha kula. Umesema mama alipanda mbegu za yale machungwa niliyotuma na kamiyo ya mizigo, pale pale muchungwa wa marehemu tata, baba yetu, ulipokaukia. Miche imeota, na kila asubui anaimwagilia na kuisalimia kwa jina la tata. Ulikuwa unacheka. Mi sikucheka.

Unakumbuka ulinitumia bijiti vya ule muti kabla haujakufa, nibandike huku juu ya shina la muti mwingine, utamu ule usipotee. Mama mumoja wa huku, muuza miche, alinionyesha aina mbili za muti wa chini. Moja fupi, ya miiba, ya majani matatu-matatu. Akasema parseli yangu, kile kiwanja cha nyumba, ni ndogo, nichukue hiyo: mizizi haiendi mbali, muti hautakuwa murefu, matunda yatakuwa matamu, lakini inataka maji kila mara. Ingine ni limau kali la ngozi ya makunyanzi, mizizi inashuka chini sana. Sasa mi ni muchimbaji wa madini, yaya. Tangu nifike huku, kila kitu kizuri nimekitoa chini. Nikamwambia huyo mama miti naifahamu, nimevuka mupaka, nimefika mpaka Ndola. Nikachukua limau, nikabandika bijiti vya tata juu yake.

Muti ulikua haraka kweli. Nikakutumia picha, nimesimama mbele yake na miwani ya jua. Upande wa pili sikupiga. Huko matawi yalilala juu ya mabati ya jirani wangu, Mama Feza, na muzizi ulikuwa umeinua sakafu ya jiko lake mpaka sufuria haikai sawa. Ulipozaa, nilimupelekea matunda ya kwanza ili nimutulize. Ngozi nene, ndani hakuna kitu. Alitafuna polepole, akaniangalia.

« Jirani, hii ni chungwa, ao ni maji yamevaa koti? »

Na mama yetu naye alikuwa anapiga simu, anauliza machungwa yake. Niliona haya, mi niliyejisifu namna ile. Nikaenda soko, nikachagua yaliyo matamu kuliko yote, nikatuma nikisema ni ya muti wa tata. Nilizani atakula, itaisha. Akanipigia simu.

« Mwanangu, njo yenyewe, ndiyo hii. Umenirudishia tata yenu. »

Nikamujibu asante. Yaya, nilisema asante.

Ule muti mukubwa nimeukata, sababu ya jiko la Mama Feza, na sakafu nimeitengeneza. Lakini kabla ya kushika shoka nilirudi kwa muuza miche, nikachukua ile mifupi, nikabandika juu yake macho, yale machipukizi, ya muti wa tata. Mingi ilikufa kwa kiu nikiwa ku shimo. Mumoja ulishika. Uko ndani ya nusu ya fûti, pipa la mafuta nililolikata, unanifika kiunoni, na nikiwa kazini Mama Feza njo anaumwagilia. Umezaa sasa. Nilikula moja nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Njo yenyewe, yaya. Hii ya kweli.

Kwa hiyo miche ya mama musiing'oe. Ikifika unene wa kalamu, nitakuja mwenyewe na kisu na bijiti vya muti huu. Chini itabaki ya soko, juu itakuwa ya tata. Kwenu nafasi iko, ikue vile inataka.

Nilitaka kukuomba umufiche mama mpaka nije. Hapana. Umusomee barua hii yote, polepole, usiruke mahali. Akinitukana, uniandikie matusi yote.

Unisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi wa kwaya, na batoto bako bote, hata yule anayesema mi ni mufupi kuliko picha zangu.

Ni mi, mudogo wako wa mudomo murefu, ninayeogopa simu ya mama,

Donat