Kalamu za Wino na Safari ya Mama

Dunda,
S.L.P. 127,
Bagamoyo.
18 Januari 2026

Mpendwa Dada Wijdan,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta salama wewe, shemeji Mazin na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Nasikia Maskati mwezi huu kuna kibaridi. Jifunike, usijifanye bado msichana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Joto limetushika vibaya, maembe yamejaa sokoni mpaka yanaoza, na mke wangu Ahlam anakusalimu sana, ingawa mimi hajanipa neno jema kwa wiki mbili sasa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mama ndiye aliyeamuru. Amesema kwenye simu nitasingizia mtandao, na kwa kweli ananijua. Atakayekuletea ni Muzammil, kijana wa jirani, anayerudi huko kazini. Kaa chini kwanza, dada, ndipo uendelee kusoma.

Mama hendi Makka mwaka huu. Hela za hija hazipo. Nimezila mimi.

Maneno hayo nimeyaandika mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuthubutu kuyaweka hapa, na kila mara nashtuka kana kwamba nasoma habari ya mtu mwingine. Wallahi, mimi? Muataz? Mimi ninayemnunia mtu kwa kuchelewa kurudisha ndoo ya watu? Lakini ndivyo ilivyo. Wala sikuzinywa, wala sikuongeza mke. Ahlam anasema hilo angalau lingemwingia akilini. Nimezinunulia kalamu.

Kalamu, dada. Zile za kujaza wino, zenye nibu. Unajua mimi ndiye ninayejaza vyeti vya ndoa pale msikitini. Miaka mitatu iliyopita, kwenye ndoa moja, mjomba wa bwana harusi aliniazima yake. Nilipoandika jina la bibi harusi wino uliteleza wenyewe, watu wakainama kutazama, sheikh akasema mashaallah. Basi kichwa kikavimba. Wiki ile ile nikapanda gari mpaka Dar, kwa Bwana Burhanuddin mwenye duka la vifaa vya kuandikia karibu na Mnazi Mmoja, nikanunua ya kwanza. Hiyo ilikuwa kwa hela yangu ya dukani, nakuapia.

Ya pili nikajiambia ni lazima, kwa sababu ya vyeti haifai kuchanganywa na ya hesabu za dukani. Halafu ikaja ya wino wa kijani. Halafu ya nibu nyembamba. Halafu mtu akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la wapenda kalamu, na hapo ndipo nilipokwisha. Mtu anaweka picha saa nne asubuhi, saa nne na robo imeshachukuliwa, na wewe umekaa unampimia mteja misumari huku moyo unakwenda mbio. Siku moja mauzo yalikuwa mabaya, na kalamu yenyewe wakasema imebaki hiyo moja tu. Nikachota kwenye amana ya Mama. Nikasema nakopa, mwisho wa mwezi narudisha. Mwisho wa mwezi ukaja, na kalamu nyingine nayo ikaja.

Tulivyokubaliana unakumbuka. Wewe unatuma kila mwezi, Mama anaongeza hela ya nazi za Mlingotini, mimi naweka benki kwa jina langu kwa kuwa ndiye niliye karibu. Miaka minne, dada, na Mama hakuwahi kuniomba hata karatasi moja ya benki. Akiuliza, namjibu zinakaribia. Mwezi wa kumi na moja akauliza tena, na kwa mdomo wangu huu nikamjibu, zimetimia. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilikuwa na haraka, kulikuwa na kifurushi changu kinaningoja stendi.

Neno hilo moja likamtoa Mama nje. Wenzake huzunguka kuomba radhi wiki ya safari. Yeye akasema ana miaka sabini na nne, watu aliowakosea ni wengi, hawezi kungoja. Akavaa buibui lake jipya akaanza mlango kwa mlango. Alifika mpaka Mapinga kwa shoga yake wa zamani, na Mlingotini kwa Ally anayetuangalizia minazi. Alikwenda hata kwa Bi Mwanvita, ambaye hawajasalimiana miaka kumi na moja kwa ajili ya ule ukuta wa mpaka wetu. Nasikia walilia wameshikana pale kizingitini mpaka watoto wa mtaani wakaacha mpira kuwatazama.

Na kila nyumba aliyofika, watu walimpa dua zao azipeleke huko. Mwenye kutaka mtoto, mwenye mgonjwa, mwenye kesi ya kiwanja. Mama, unavyomjua, akaona atasahau, akawa anaandika kila mmoja kikaratasi chake kwa zile herufi zake za Kiarabu. Akashona kimfuko cha kitambaa cheupe cha kuvitia. Nilikiona kimetundikwa kwenye msumari chumbani kwake, nikapita kama sikukiona.

Mimi aliniweka mwisho. Alikuja dukani Jumamosi ile ya kwanza ya mwaka, akakaa kwenye benchi la wateja, akanishika mkono. Akaniambia, "Muataz mwanangu, kuna siku nilikupiga kwa noti iliyopotea. Uliapa hukuichukua, sikukuamini. Kesho yake niliikuta kwenye pindo la khanga yangu, nikaona haya kukwambia. Miaka arobaini nimekaa nayo. Nisamehe, nisiende nayo mbele ya Nyumba ya Mungu."

Siku hiyo najua unaikumbuka. Wewe ndiye uliyenikanda kwa maji ya moto.

Nikamwambia, nimekusamehe Mama. Nilisema, dada! Akanibusu paji la uso, akaenda zake na furaha yake, na mimi nikabaki na misumari kwenye mizani, mteja ananiuliza kama naumwa. Ni mtu gani huyu anayemsamehe mama yake kwa kumdhania mwizi, ilhali mwizi ndiye yeye kweli?

Nikafunga duka mchana kweupe. Nyumbani nikazitoa kalamu zote kila nilipozificha, nyingine kwenye makopo matupu ya rangi, nyingine kwenye soksi, nyingine nyuma ya kabati, nikazimwaga kitandani. Nilidhani ni kumi na tano, zikizidi sana ishirini. Zilikuwa arobaini na moja. Nikahesabu tena, zikawa zile zile. Nyingine hata sikukumbuka kuzinunua. Tatu zilikuwa bado kwenye karatasi zake za nailoni. Ahlam akaingia na kapu la nguo, akauliza ni za kuuza? Nikamweleza. Akakaa sakafuni na kapu lake, akanitazama.

Jumanne yake nikabeba kalamu zote kwenye sanduku nikaenda kwa Mama. Hakupiga kelele. Ningeona heri apige. Akachukua moja, akaigeuza geuza, akaniuliza hii shilingi ngapi. Nikamwambia laki tatu na nusu. Akairudisha sandukuni kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja yai la mwenyewe. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema, "Inaandika vizuri sana, Mama."

Akauliza, "Umeandika nini?"

Dada, nina madaftari saba yaliyojaa. Kurasa zote ni bismillahi na jina langu, bismillahi na jina langu, kwa wino wa kila rangi uliopo duniani. Kalamu arobaini na moja, na katika miaka yote hiyo sikukuandikia wewe hata barua moja.

Mama akasema hija ni ya mwenye uwezo, na uwezo wake wa mwaka huu umekwenda, kwa hiyo hadaiwi. Akakataza asichangiwe na mtu, na wewe akakutaja kwa jina, kwamba usitume hata senti kuziba nilipotoboa. Halafu akakitoa kile kimfuko msumarini, akanikabidhi. Kila mlango niliobisha mimi utabisha wewe, akasema. Uwaambie siendi, uwaambie na sababu, umrudishie kila mtu dua yake mkononi. Akainuka akaenda kukuna nazi.

Kwanza lakini nilikwenda Dar kuziuza, na Ahlam akaja nami bila kuniamini hata chembe. Bwana Burhanuddin alizitazama zile zilizotoka kwake akaduwaa. "Mwalimu, mimi nilidhani una shule," akasema. Kumbe miaka yote hiyo aliniita mwalimu kwa sababu hakufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kununua kiasi kile kwa ajili yake mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Akachukua baadhi kwa nusu bei, kwa huruma yake. Na sasa nisikilize, maana hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Alipokuwa anahesabu hela za kunipa, niliona kwenye kioo cha kaunta kalamu mpya ya rangi ya samawati, nikamwomba niishike. Hela za Mama ziko mezani, mkono wangu umeshanyooka! Ahlam akanibana mkono mpaka kucha zikaingia. Alama ninayo hadi leo.

Zilizobaki waliziwahi watu wa lile kundi, kisha nikajitoa. Pikipiki nimeiuza pia. Hata hivyo vyote kwa pamoja havifiki nusu ya amana, na wanaopeleka mahujaji wanataka malipo kamili mwisho wa mwezi huu. Zilizopatikana ziko benki kwa jina la Mama na Ahlam. Mimi sina kadi wala namba ya siri, na sitaki kuijua.

Baada ya hapo nikaanza kuzunguka. Nyumba thelathini na tatu kwa siku tisa. Ningekuficha lakini sina tena sura ya kuficha kitu. Bi Mwanvita alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifokea hadi mtaa wa pili ukasikia. "Mama yako kanipigia magoti hapa kwa kosa la matofali," akasema, "na wewe umemtafunia Makka yake!" Kikaratasi chake akakataa kukipokea. Kasema kibaki kwa Mama, kwamba mwakani ataondoka nacho. Ally kule Mlingotini aliniuliza mara tatu, kalamu? Kalamu hizi za kuandikia? Akasema bora ningenunua ng'ombe. Shoga yake Mama wa Mapinga alipokea kikaratasi chake, cha mjukuu anayeumwa moyo, akakikunja mara nne, akaingia ndani.

Hapo nilikaa barazani kwake nikalia kama mtoto. Mpaka siku ile nilikuwa nadhani nimekula hela.

Naogopa, dada. Presha ya Mama inapanda na kushuka, na miguu inamvimba ikifika jioni. Anacheka na watu, anasema mwakani inshaallah, lakini sabini na nne si umri wa kuambiwa mwakani. Nafungua duka alfajiri na kulifunga usiku, na kila senti inakwenda kwa Ahlam. Kama Mungu atampa Mama uhai, nitazirudisha. Kama hatampa, sijui nitasimama wapi.

Nisalimie shemeji Mazin, na mweleze yote, usinisitiri kwa ajili ya aibu ya ukoo. Wabusu watoto. Ahlam anasema halua uliyompa shangazi mwezi uliopita imetufikia, ahsante. Bi Mwanvita naye anakusalimu; yeye na Mama sasa wanakaa pamoja kila alasiri wakinisema. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akufungulie kila mlango wa heri.

Imebaki nyumba moja tu, ya thelathini na nne. Mama alikupigia simu kuomba radhi kama alivyowaomba wenzako, nawe ukamsomea dua yako akaiandika. Nimeitia humu ndani ya bahasha. Imekunjwa kama alivyoikunja yeye, sijaisoma.

Sikuombi hela, dada. Hela ulishatuma. Hodi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Muataz